Chemshabongo isiyo na namba
Kuna chemshabongo za Kiingereza ambazo vidokezo vyake havina namba. Vimepangwa kwa herufi ya kwanza ya jibu, A hadi Z, na ni wewe utafute kila neno linakaa wapi kwenye jedwali la miraba. Araucaria, mtunzi wa chemshabongo wa gazeti la Guardian la Uingereza, ndiye aliyebuni mtindo huu.

Usikimbilie kujaza. Andika majibu pembeni ukiyapanga kwa urefu, kisha anza na urefu wenye nafasi chache. Neno la herufi 13 huenda lina nafasi mbili tu. Tena jedwali huwa na ulinganifu, kwa hiyo nafasi hizo hufanana kama pacha. Subiri neno linalokatiza liamue. Na penseli, tafadhali! Mimi niliharibu ukurasa mzima kwa kalamu, ndani ya matatu, kwenye foleni ya Thika Road.