Kabla ya kuomba zuio la kihamba

Ukikuta isale, mmea wa mpaka, limeng'olewa na mafundi wanachimba msingi kwenye kihamba cha familia, yaani shamba la urithi la Wachagga, piga picha siku hiyohiyo: msingi umefika wapi, migomba ipi imekatwa, mpaka ulipita wapi. Zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha ujenzi kwa sasa, haliamui shamba ni la nani. Linataka hali ibaki ilivyo mpaka kesi yenyewe ya umiliki iamuliwe, na nyumba ikishapauliwa hakuna tena cha kuzuia.

La pili ni nani anayedai, na huku Moshi hapa ndipo watu wanapokwama. Kama shamba bado ni la marehemu, kuwa mtoto wa mwisho uliyeachiwa kihamba kimila hakutoshi. Anayesimama mbele ya baraza au mahakama ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo unakusaidia kuomba usimamizi, lakini hauchukui nafasi yake. Anza na usimamizi, hata kama shemeji zako wanakuambia muda hauruhusu.

Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linapatanisha tu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri ambalo halijapitia huko. Kata ina siku 30. Zikiisha bila suluhu unaruhusiwa kusonga mbele. Siku 30 zinatosha mtu kufika kwenye lenta, kwa hiyo fungua malalamiko kata mapema. Ardhi unayotaka kurudishiwa ikizidi thamani ya shilingi milioni 300, shauri ni la Mahakama Kuu, Moshi au Arusha. Unayemlalamikia akiwa halmashauri, kuna notisi ya siku 90 kwanza. Wakati unaisubiri, Mahakama Kuu inaweza kuombwa zuio ambalo mawakili huliita Mareva.

Sasa kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia kuunga mkono ombi la zuio, na hiki ndicho cha kukaa nacho usiku. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969, vinaangaliwa vitu vitatu: kama kuna hoja ya kweli ya kuamuliwa na dalili za kushinda, kama utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa. Kuandika "Mjibu maombi ni mvamizi", yaani unayemlalamikia, hakujibu hata kimoja. Andika ulichoona: tarehe, watu wangapi, walichimba upande gani, hatua ngapi ndani ya mpaka. Ulichoambiwa, mtaje aliyekuambia. Kwa maoni yangu makaburi ya wazazi yaliyomo kihambani yana uzito kuliko mahindi, maana mahindi yana bei sokoni. Eleza eneo kwa kijiji, kitongoji na majirani wa pande zote. Kama limepimwa, weka kitalu na namba ya kiwanja. Kamishna wa viapo asisahau kuandika mahali na tarehe ulipoapa.

Ukipewa amri, hakikisha anayejenga amepelekewa nakala, na mwenyekiti wa kitongoji naye awe nayo. Anayekaidi anaweza kukamatiwa mali au kuwekwa gereza la madai hadi miezi 6. Zuio lenyewe halizidi miezi 6. Linaongezwa, lakini jumla isipite mwaka 1, kwa hiyo ombi la kuongeza liwasilishwe kabla tarehe haijafika.