Jinsi ya kutambua mteremko ulioporomoka zamani kabla hujajenga au kulima

Kwenye mlima mkali, sehemu inayovutia kuliko zote mara nyingi ndo hiyo iliyoshaporomoka zamani. Unakuta katikati ya mteremko pametulia, pako tambarare, udongo wa kutosha, chemchemi hapohapo, yaani kila kitu, ila jiulize kwa nini pawe tambarare hapo tu wakati juu na chini kote ni mwinuko?

Usianzie hapo penyewe. Nenda ng'ambo ya bonde uangalie asubuhi au jioni jua likiwa chini, maana vivuli ndo vinaonyesha umbo, saa sita mchana mlima wote unaonekana bapa. Juu tafuta genge lililojikunja kama mwezi mchanga, chini yake pamebonyea, halafu chini kabisa ardhi imevimba mpaka mto umelazimika kuzunguka. Ukiona vyote vitatu kwa mpangilio huo basi paliporomoka. Kama huwezi kufika, fungua Google Earth uinamishe picha, au chukua ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, uone kama mistari hiyo imebanana juu, ikaachana katikati, ikatokeza kuelekea mtoni.

Sasa ingia utembee. Kuna vilima vidogovidogo na mabonyeo hovyo, kidimbwi mahali ambapo hamna hata kijito. Mimi dalili ninayoiamini zaidi ni ardhi iliyoinamia mlimani badala ya bondeni, kwa sababu kipande kikubwa kikishuka huwa kinazunguka kidogo, mgongo wake unalalia nyuma, na maji ya mvua yanatuama huko nyuma. Miti yenye shina lililopinda chini ni dalili pia lakini isikutoshe peke yake, udongo unaotambaa polepole nao unapinda miti. Palipokatwa barabara angalia ukuta wa udongo: mawe makubwa kwa madogo, yenye kona kali, yamechanganyika bila tabaka lolote, hayo hayakuletwa na mto, ya mto yangekuwa yameviringika.

Kwenye kingo za nyanda za juu kisa chenyewe huwa ni miamba. Juu pana mwamba mgumu, tuseme basalti, chini yake tabaka laini la udongo wa mfinyanzi, maji ya mvua yanapenya nyufa za ule mgumu yakifika kwenye mfinyanzi yanakwama yanatafuta njia ya pembeni, ndo maana utaona chemchemi zimejipanga usawa mmoja. Mfinyanzi ukilainika unashindwa kubeba mzigo wa juu. Tabaka zikiwa zimelalia upande wa bonde ni hatari zaidi.

Na usiseme ni la zamani limeshatulia. Mlima Toc kule Vajont, Italia, ulikuwa na poromoko la kale na wanajiolojia walilitambua kabla ya maafa, lakini bwawa likajazwa maji chini yake, na usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 karibu mita za ujazo milioni 270 za miamba na udongo zikaingia ziwani kwa mara moja, wimbi likaruka ukuta wa bwawa, wakafa karibu watu 2,000. Tabaka zilikuwa zimelalia bondeni na katikati yake kuna mfinyanzi, hali ileile niliyosema.

Kwa hiyo ukishapatambua, usichimbe mguu wa mteremko kutafuta kiwanja, maana ule mguu ndo unaozuia vya juu visishuke, na usimwage maji wala kupitisha mfereji wa kumwagilia sehemu ya juu. Kama tayari unaishi hapo panda juu ukatafute nyufa, ukipata ufa piga kigingi kila upande, pima umbali kati yake, andika na tarehe, rudia kila wiki na baada ya kila mvua kubwa. Umbali ukiongezeka hameni, waambieni na majirani wa chini, na mamlaka za eneo wajulishwe siku hiyohiyo.