Dishi Limepoteza Mawimbi: Anzia Sebuleni Kabla ya Kupanda Paani

Mawimbi yanapokatika, watu wengi hukimbilia ngazi na spana, na dishi lililokuwa limesimama sawasawa likahamishwa bure. Kabla ya kugusa nati yoyote, fungua menyu ya king'amuzi, nenda kwenye taarifa za mawimbi, kisha usome vipimo viwili: nguvu na ubora. Nguvu huonyesha nishati yote inayotoka kwenye LNB, yaani kile kichwa kilicho mbele ya dishi, pamoja na kelele zake. Ubora huonyesha kama king'amuzi kinaweza kuyasoma mawimbi ya setilaiti yenyewe.

Vyote viwili vikiwa sifuri, shuku waya na konekta kwanza, kwa sababu king'amuzi ndicho kinachoipelekea LNB umeme kupitia waya huohuo. Umeme huo ni volti 13 kwa kundi moja la chaneli na volti 18 kwa kundi jingine, na ndiyo maana waya ulioliwa na kutu huweza kupoteza chaneli kadhaa huku nyingine zikionekana vizuri. Chomoa king'amuzi ukutani, fungua konekta za pande zote mbili, uhakikishe kuwa shaba ya katikati inang'aa na kwamba hakuna hata unyuzi mmoja wa wavu wa chuma unaozunguka waya unaoigusa. Ukiona weusi au ukijani, maji yameingia. Kata hadi ufikie sehemu safi, funga konekta mpya, na uuache waya uning'inie chini kidogo ya LNB ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo.

Nguvu ikiwapo na ubora ukawa sifuri, LNB ina uhai, lakini huenda dishi limehama. Hapa Dodoma upepo wa kiangazi ndio wa kulaumiwa zaidi, kwa kuwa hulegeza boliti za nguzo ukutani. Vumbi jembamba juu ya dishi halina madhara makubwa kama wengi wanavyodhani. Dishi la sentimita 90 huona upana wa takriban nyuzi 2 tu, hivyo mtikisiko mdogo unatosha kuyapoteza mawimbi.

Weka alama ya kalamu kwenye nguzo kabla ya kulegeza nati. Setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki (yaani longitudo iliyopo juu ya ikweta), inayotumiwa na DStv, iko karibu utosini mwetu, ikielekea kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa takriban nyuzi 83. Ile ya nyuzi 7 Mashariki, ya Azam TV, iko magharibi, kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa takriban nyuzi 56. Fuata vipimo vilivyochorwa kwenye kishikizo, kwa sababu uso wa madishi haya huonekana umeinama kuliko mahali yanapotazama hasa. Sogeza kidogo mno, subiri sekunde kadhaa king'amuzi kisome, na mtu aliye sebuleni akutajie ubora. Ubora ukifika juu kabisa, kaza nati kwa zamu huku akiendelea kusoma, maana kukaza kwenyewe huweza kulivuta dishi pembeni.

Mvua kubwa ya kati ya Desemba na Aprili ikikata picha, usirekebishe chochote, wala usipande paani wakati wa radi; ubora ukirudi mawingu yakipita, dishi lako ni zima. Vivyo hivyo kwa siku chache baada ya 20 Machi na kabla ya 23 Septemba, jua linapopita nyuma ya setilaiti na kuyafunika mawimbi yake kwa dakika kadhaa.