Mashimo ya Chunusi Usoni: Yajue Kabla Hujatoa Hela

Mimi ni kinyozi. Mwaka wa kumi na mbili huu nashika videvu vya watu pale Tandika, na taa yangu nimeifunga ubavuni mwa kioo, si juu. Taa ya namna hiyo haifichi kitu. Ndiyo maana wateja wenye makovu ya chunusi huniuliza mimi kabla ya kwenda kwa daktari, hasa wakiliona shavu langu la kushoto lilivyochimbika. Huwa nawaambia hivi.

Anza na tochi ya simu. Usiku, zima taa ya chumbani, simama mbele ya kioo, shika tochi usawa wa sikio. Kisichotoa kivuli si shimo, ni doa. Doa jeusi la chunusi iliyopona halitaki sindano wala kisu. Hufifia taratibu, miezi kadhaa, ukijikinga na jua na ukiacha kuminyaminya. Na mkorogo usiuguse. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini, na bado naviona vikipitishwa mlangoni kwangu ndani ya mifuko myeusi.

Kinachotoa kivuli kitanue kwa vidole viwili, kama ninavyoivuta ngozi nikinyoa. Likipotea, hilo ni bonde: chini yake kuna nyuzi za kovu zinazoivuta ngozi. Likibaki na kingo zilizosimama wima, ni shimo la sanduku. Likiwa jembamba kama limechomwa na msumari na huoni mwisho wake, ni tundu refu. Wengi wetu tunayo yote matatu kwenye shavu moja, na hapo ndipo hela zinapopotea, maana kila moja lina tiba yake.

Mimi zangu zilipotea hivi: dada mmoja wa urembo alinipitishia rola ya sindano uso mzima, chunusi zikiwa bado mbichi. Sikumwona akifungua rola mpya, na nikaona haya kuuliza. Mimi, ninayebadilisha wembe kila kichwa! Baada ya wiki usaha ukatapakaa, kisha madoa yaliyonikalia miezi mitano. Kwa hiyo chunusi zikauke kwanza. Daktari wa ngozi alinipa jeli ya adapalini na kunisubirisha mpaka zikatulia, ndipo akagusa makovu.

Mabonde alianza nayo. Ganzi, halafu sindano inalazwa chini ya ngozi na kusogezwa huku na huku ikate zile nyuzi. Maumivu hakuna, ila sauti unaisikia: kr, kr, kama khanga mpya inapochanwa. Shavu likavimba na kuvilia damu, nikanyoa watu na barakoa zaidi ya wiki.

Matundu marefu aliyatia tindikali kali ya TCA kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja moja. Sekunde chache tundu linageuka jeupe kama chaki, baadaye linafanya gaga, gaga linadondoka lenyewe. Kazi hiyo hurudiwa baada ya mwezi au miwili. Ngozi yetu nyeusi inaweza kubaki na duara jeusi, hivyo omba ajaribu tundu moja au mawili karibu na sikio kwanza. Tindikali hiyo usinunue ukajitie mwenyewe.

Tundu pana lenye kina kirefu hukatwa kwa kisu kidogo cha duara na kushonwa. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hadi saba. Sanduku lenye kina kifupi hufaidika na sindano ndogondogo zinazotoboatoboa ngozi kwa kina cha milimita 1.5 hadi 2.5, mara tatu hadi sita, kila baada ya mwezi. Leza ipo pia, lakini kwa weusi wetu muulize anayeishika ameshatibu nyuso ngapi kama yako. Sindano za kujaza hunyanyua shimo siku hiyohiyo, kisha dawa inayeyuka na unarudi kulipa.

Kama sikio au kifua chako kiliwahi kuota keloidi, sema kabla hujakaa kitini. Kovu lililonyanyuka halichimbwi. Hudungwa sindano ya steroidi.

Kumpata mtaalamu si lazima uje Dar. Hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na waliosomea huko wako mikoani pia. Uliza bei ya mara moja, kisha uliza ni mara ngapi. Jibu la pili ndilo linaloumiza.

Ukitoka huko, paka losheni ya jua ya SPF 30 kwenda juu kila asubuhi, hata ukishinda dukani. Usinyoe mpaka gaga lidondoke. Na kinyozi akikuinulia chupa ya spiriti, zuia mkono wake. Kwa mazoea tunaimwaga hata bila kuuliza.

Piga picha kabla, tochi ikiwa upande uleule, kisha usubiri. Ngozi hujijenga kwa miezi mitatu hadi sita, kioo cha kila asubuhi hakitakuonyesha. Mabonde yangu yamejaa kama nusu. Matundu mawili chini ya taya yamebaki; daktari alitaka kuyakata, nikamwambia hapo nitafuga ndevu.