Jasi ya kiwanda cha mbolea ina kazi kwenye shamba la magadi

Kiwanda kinapoumwagia mwamba wa fosfati asidi ya salfuriki ili kipate asidi ya fosforiki, jasi (jipsamu) inayobaki ni nyingi kuliko bidhaa yenyewe, na radiamu, elementi yenye mionzi iliyokuwa mwambani, huifuata. Huelva, Hispania, zimerundikwa tani zipatazo milioni 100 kando ya mto Tinto. Mimi ni mpima udongo. Nilisomea Sevilla, na huko niliiona jasi hiyohiyo ikirutubisha mashamba ya Lebrija, yaliyokuwa bwawa la chumvi: tani 20 hadi 25 kwa hekta. Tangu hapo, mtu akiniuliza aipeleke wapi, namwambia atafute udongo wa magadi, yaani wenye sodiamu nyingi.

Lakini ipime kwanza. Chota sehemu nyingi za rundo, juu na chini, changanya, kausha, kisha funga kwenye kopo lisilopitisha hewa kwa wiki 3 hadi 4 kabla ya kupima miale ya gama. Hapo ndipo wengi hukosa subira. Sehemu kubwa ya miale hiyo hutoka kwa mazao ya radoni, gesi izaliwayo na radiamu. Radoni hupungua nusu kila siku 3.8, kwa hiyo huchukua wiki kadhaa kujaa ndani ya kopo; lisipotulia, utasoma namba ndogo kuliko ukweli. Kwetu Tanzania, pa kuulizia ni Tume ya Nguvu za Atomu, Arusha. Pima pia kadimiamu (metali yenye sumu), floridi na uchachu. Marekani hairuhusu jasi yenye zaidi ya bekereli 370 (kipimo cha mionzi) za radiamu kwa kilo kwenda shambani, nami sivuki hapo.

Sasa udongo. Jaza glasi mbili maji ya mvua, moja uikoroge na kijiko cha jasi. Tumbukiza bonge dogo kavu katika kila glasi, usitikise, uache hadi kesho. Maji matupu yakichafuka kama maziwa na yale ya jasi yakabaki maangavu, una sodiamu nyingi na jasi itakufaa: kalsiamu yake huing'oa sodiamu kwenye chembe za mfinyanzi. Ikishang'oka lazima itoke shambani, kwa hiyo mifereji ichimbwe kabla lori halijafika. Bila mifereji, jua litairudisha juu msimu huohuo.

Piga hesabu ya muda mrefu. Tani 20 zenye bekereli 370 kwa kilo, zikichanganyika na sentimita 20 za juu za hekta moja, huongeza takriban bekereli 3 kwa kila kilo ya udongo. Udongo wa kawaida una kama 30 tayari. Ukirudia mara kumi umeikaribia maradufu. Andika kila lori: tarehe, uzito, kipande cha shamba, mjukuu wako atahitaji daftari hilo.

Kiwanda cha saruji nacho hupokea jasi kidogo, asilimia 3 hadi 5, ili saruji isigande upesi. Ioshwe kwanza, maana mabaki ya fosfati huikawiza kupita kiasi.

Matofali na mbao za dari za jasi tupu nazikataa kabisa, hata zikiwa bure. Shambani radoni huchukuliwa na upepo. Chumbani anakolala mtoto madirisha yamefungwa, hujikusanya usiku kucha.

Siku ya kumwaga, funika lori kwa turubai, lowesha jasi, na wapakuaji wavae barakoa.