Somo: Kutafuta alama inayokosekana ili wastani usibadilike

Mwanafunzi ana Hisabati 61, Kiswahili 74, Fizikia 58, Jiografia 70 na Biolojia 67. Imebaki Kemia na Historia. Kemia kapata 49. Historia apate ngapi ili wastani ubaki palepale?

Hatua ya 1: Jumlisha zilizopo: 330. Gawa kwa 5, wastani ni 66.

Hatua ya 2: Hesabu idadi mpya ya masomo: 7. Hapa ndipo wengi huteleza. Wanazidisha kwa 6, wakisahau kuwa somo linalotafutwa nalo limo.

Hatua ya 3: 66 × 7 = 462. Hiyo ndiyo jumla inayotakiwa.

Hatua ya 4: 462 − (330 + 49) = 83.

Ukishaelewa, hatua zote hizo ni za kuhakikisha tu. Kemia iko 17 chini ya wastani, basi Historia iwe 17 juu: 66 + 17 = 83. Yale matano ya mwanzo huyagusi, maana tofauti zake zimeshafutana: −5, +8, −8, +4, +1 ni sifuri.

MASWALI

Swali: Likiongezwa somo moja tu je?
Jibu: Apate 66 yenyewe. Hakuna jibu lingine.

Swali: Kemia angepata 30?
Jibu: Pengo ni 36, Historia ingetakiwa 102. Mtihani ni wa alama 100, kwa hiyo wastani lazima ushuke.

Swali: Asiyefanya mtihani nimwekee 0?
Jibu: Kwa hesabu hii, hapana. Sifuri ni alama. Ukiiweka kwenye somo la sita, 330 ÷ 6 = 55. Acha wazi, na usilihesabu somo hilo.

Swali: Mwalimu, wastani wangu ni 14.3, jibu linakataa. Jumla ni 86, namba ni 6.
Jibu: Umekadiria mapema. 86 ÷ 6 ni 14.333… Ukizidisha 14.3 kwa 7 ukatoa 86 unapata 14.1, na wastani unashuka. Beba sehemu, 43/3, hadi mwisho.

Swali: Darasa lina wastani 58. Wameingia wanafunzi 15 wenye wastani 52, kisha 10 wengine. Hawa 10 wawe na 64?
Jibu: Hapana, makundi hayalingani. Pengo ni 15 × 6 = 90; ligawe kwa 10, ni 9. Wawe na wastani 67.