Jinsi ya kumzoesha paka mkubwa na mbwa mkubwa waishi nyumba moja

Kazi yangu ni kufundisha mbwa, na simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Tumeleta mbwa, paka yuko juu ya kabati tangu jana, hataki kushuka." Jibu langu la kwanza huwa moja: watenganishe sasa hivi, tuanze upya. Karibu kila mara mgeni aliingizwa sebuleni, mlango ukafungwa, wakaachwa "wazoeane wenyewe".

Wapo wanaoniambia fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini hapa hakuna anayegombea zizi. Mbwa anaona kitu kinachokimbia, na mwili wake umeumbwa kufukuza. Paka anaona mwindaji, na mwili wake umeumbwa kutoroka. Wakifukuzana hata mara moja tu, kila mmoja amejifunza jambo utakalohangaika wiki nyingi kulifuta: mbwa amejua kuwa kumkimbiza paka ni raha, paka amejua kuwa mbwa ni hatari. Hatua zote zilizo hapa chini zina kazi moja, kuhakikisha kwamba kufukuzana huko hakutokei.

Wanyama wakubwa wanahitaji muda zaidi kuliko wachanga. Mtoto wa paka hupokea viumbe vingine kwa urahisi kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi ya maisha yake. Mtoto wa mbwa, kati ya wiki ya 3 na ya 12 au 14. Baada ya hapo bado wanaweza kujifunza, ila polepole. Jipangie wiki kadhaa, na kwa wengine miezi.

Hatua ya 1: Kabla mgeni hajafika

Wapeleke wote wawili kwa daktari wa mifugo. Chanjo ziwe zimekamilika, ya kichaa cha mbwa ikiwemo, na wapewe dawa ya minyoo na ya viroboto. Hapa kuna jambo naomba ulisome mara mbili: dawa nyingi za viroboto na kupe zinazopakwa mbwa zina permethrini, na permethrini ni sumu kwa paka. Huhitaji kumpaka paka ili adhurike. Kumlamba mbwa aliyepakwa au kulala naye kunatosha. Paka akianza kutetemeka au kushikwa na degedege baada ya mbwa kupakwa dawa, ni dharura ya saa ile ile. Mwambie daktari mapema kwamba nyumbani kuna paka, akupe dawa iliyo salama kwa wote.

Mpunguze paka ncha za makucha. Kisha anza na mbwa, maana mzigo wa mafunzo ni wake. Afahamu amri mbili vizuri kabisa: "lala" na "achana nacho". Afanye hivyo hata kipande cha nyama kikiwa sakafuni mbele yake. Kama hawezi kuacha nyama iliyotulia, hataweza kumwacha paka anayekimbia.

Hatua ya 2: Chumba cha paka

Paka, awe mwenyeji au mgeni, apate chumba ambacho mbwa haingii kamwe. Weka humo choo chake cha mchanga, maji, chakula, kitu cha kukwaruza makucha, mahali pa kujificha na mahali pa juu pa kukaa. Sehemu ya juu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu paka anayeweza kutazama mambo kutoka juu halazimiki kukimbia.

Siku mbili tatu za mwanzo usifanye lolote zaidi ya kumwacha atulie. Mwangalie kama anakula. Paka mkubwa, hasa mnene, asipokula kwa siku mbili mfululizo, mpeleke kwa daktari, kwani ini lake linaweza kujaa mafuta na kushindwa kufanya kazi.

Hatua ya 3: Waanze kujuana kwa pua

Wengi hupita hatua hii mbio kwa sababu haionekani kama kuna kinachofanyika. Mimi naiona ndiyo msingi wa kila kitu. Paka ana tezi za harufu mashavuni, na anapojisugua mguuni pako au kwenye kona ya meza anaweka alama kwamba hapa ni kwetu. Tumia alama hiyo. Chukua kitambaa safi, mpapase nacho mashavuni, halafu kiweke karibu na bakuli la mbwa. Kitambaa kingine mpanguse mbwa shingoni na kifuani, ukiache kwenye chumba cha paka, mbali na chakula chake. Usimsogezee paka kitambaa puani, atakifuata mwenyewe.

Baada ya hapo badilisha nafasi: mbwa akienda matembezi, mfungulie paka atembee nyumba nzima, paka akiwa sehemu nyingine, mbwa anuse chumba chake akiwa kwenye kamba. Rudia kila siku hadi kila mmoja akinusa harufu ya mwenzake anapuuza na kuendelea na shughuli zake. Mbwa anayekaa mlangoni akilialia na kukwaruza bado hajafika hapo.

Hatua ya 4: Chakula pande mbili za mlango

Mlango ukiwa umefungwa, mlishe mmoja upande huu na mwingine upande ule. Anza bakuli zikiwa mbali, uzisogeze kidogo kila mlo. Akigoma kula mmoja wao, umesogeza haraka mno.

Hatua ya 5: Waonane

Weka kizuizi cha wavu mlangoni. Mbwa awe kwenye kamba, ametoka kutembea na kuchoka. Paka awe huru. Usimbebe paka mikononi kumwonyesha mbwa. Akishtuka atakurarua wewe kwanza, na hata jeraha dogo la meno ya paka linaweza kuvimba na kuoza kwa siku moja au mbili.

Vikao viwe vya dakika chache. Kila mbwa anapomtazama paka kisha akakugeukia, mpe kitafunio. Unachotaka ajifunze ni kwamba paka akitokea, jambo zuri linatoka kwako.

Sasa soma miili yao. Mbwa anayebweka na kurukaruka huwatisha wenye nyumba, lakini mimi huhofia zaidi aliyenyamaza: kinywa kimefungwa, mwili umekakamaa, macho yameganda juu ya paka, ukimwita hasikii. Huyo anawinda. Mwondoe kwa utulivu, na kesho anza kwa umbali mkubwa zaidi. Paka aliyelaza masikio, mboni zimepanuka na mkia umefura, naye amekwambia imetosha.

Kumbuka pia kwamba lugha zao zinapingana. Mbwa anayetikisa mkia huku mwili umelegea anakaribisha. Paka anayepigapiga mkia amekereka. Paka akisimamisha mkia wima anakuja kwa heri; mbwa akiusimamisha na kuukaza, kuna jambo. Hata mbwa anapoinamisha kifua na kuinua makalio kuomba mchezo, paka huona shambulio.

Paka akifoka au mbwa akinguruma, usimwadhibu. Hilo ni onyo, na ukimzuia kuonya atauma bila kuonya.

Hatua ya 6: Chumba kimoja

Wakitulia kwenye wavu kwa siku kadhaa mfululizo, ondoa wavu, ila mbwa abaki kwenye kamba na paka abaki na njia mbili za kutoka. Mbwa alale miguuni pako. Paka akija kunusa, aje, asipokuja, mwache. Kasi ni ya paka.

Hapa nilikosea mwenyewe, kwa paka wangu. Siku ya tano walionekana wametulia nami nikaamini, nikamfungua mbwa kamba. Paka akaruka kutoka dirishani kushuka sakafuni, mbwa akamfuata kabla sijatamka neno. Hakumfikia, lakini paka alikaa chini ya kitanda siku nzima bila kugusa chakula, na kurudi pale tulipokuwa kulinichukua wiki 6. Siku hizi kamba inaburuzwa sakafuni wiki kadhaa zaidi hata mambo yakionekana shwari.

Mbwa akimng'ata paka, usitulizwe na udogo wa jeraha. Tundu dogo kwenye ngozi huweza kuficha nyama iliyosagika ndani. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na wapo mbwa wasiofaa kuishi na paka. Kama baada ya wiki nyingi za kazi ya kweli mbwa bado anaganda kila anapomwona, hataki kula wala hageuki akiitwa, kumtafutia nyumba isiyo na paka ni kumtendea wema yeye na paka pia.

Hatua ya 7: Maisha ya kila siku

Chakula cha paka kiwe juu. Mbwa hukipenda kwa sababu kina protini na mafuta mengi, na paka naye hawezi kuishi kwa chakula cha mbwa. Anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini cha kutosha, la sivyo moyo na macho yake vitaharibika. Choo cha paka kiwe mahali mbwa hafiki, kwani wengi hula kinyesi kile, na paka anayeviziwa chooni ataanza kujisaidia kwingine. Paka dume akienda chooni mara kwa mara bila kutoa mkojo, usisubiri kesho. Huenda njia ya mkojo imeziba, na hofu ya muda mrefu ni moja ya mambo yanayochangia.

Kuwaacha peke yao ni jambo la mwisho kabisa, baada ya mwezi mzima au zaidi bila tukio. Mara ya kwanza toka dakika 10 tu. Ukirudi, mtafute paka kabla ya kumsalimia mbwa. Ukimkuta amelala mahali pake pa kawaida, kesho toka nusu saa. Ukimkuta juu ya kabati, rudisha wavu.